Nani Amepasua Kulasi?

Kutoka Lubumbashi kwenda Mitwaba, huko Katanga nchini Kongo, ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni udongo mwekundu mtupu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huufanya tope linalomeza gurudumu zima. Kiangazi kikifika, vumbi hupenya kila mahali na kuziba mapezi ya rejeta. Kadiri gari linavyosonga kaskazini ndivyo nchi inavyoinuka, mpaka nyanda za juu za Kibara, eneo la bati na nyasi ndefu lenye Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Gari linaloaminiwa katika njia hiyo ni Land Cruiser kuukuu ya dizeli, ile ya ukoo wa 70 uliozinduliwa mwaka 1984, na hasa yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Hupanda padri, muuguzi, askari, mchuuzi wa samaki wakavu, na mgonjwa aliyelazwa kwenye godoro huko nyuma. Mara nyingi wote kwa safari moja.

Safari nyingine hukatika njiani. Mshale wa joto unapanda, moshi mweupe unatoka nyuma, rejeta inatoa mapovu wakati injini inanguruma, na oili kwenye kijiti cha kupimia imepata rangi ya chai ya maziwa. Fundi mzoefu huwa ameshajua kabla hajafungua hata nati moja: kulasi imepasuka. Ndivyo inavyoitwa katika gereji za Lubumbashi. Dar es Salaam na Mombasa wangesema silinda hedi. Ni kile kipande kizito cha chuma kinachofunika silinda zote kwa juu, chenye vali, vijia vya maji na vijumba vidogo ambamo dizeli huanza kuwaka.

Abiria wanashuka, wanatafuta kivuli, na maswali yanaanza. Kuna anayeuliza ni nini kimeipasua kulasi. Kuna anayeuliza ni nani, tena kwa sauti ya chini: nani hataki gari hili lifike leo, na mgonjwa huyu akiwa ndani? Ni maswali mawili tofauti, yote ya kale, na yote huulizwa na watu wenye akili timamu. Hoja ya makala haya ni kwamba swali la pili si la kipuuzi, lakini namna linavyojibiwa kwa kawaida imewaumiza wasio na hatia. Na kwamba lile la kwanza, likifuatwa mpaka mwisho wake, nalo hufika kwa watu, ila si wale wanaonyooshewa kidole.

Tuanze na chuma. Katika injini ya 1HZ hewa hubanwa zaidi ya mara 22 ndani ya silinda, joto lake likapita nyuzi 500, ndipo dizeli hunyunyizwa na kuwaka bila cheche. Sehemu kubwa ya joto hilo huipitia kulasi. Mahali pake dhaifu ni kile kidaraja chembamba cha chuma kilicho kati ya vali ya kuingizia hewa na vali ya kutolea moshi, karibu na kijumba cha mwako. Upande mmoja kuna moto. Upande wa pili, umbali wa milimita chache, kuna maji. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikizuiwa na chuma baridi kilicho jirani, hubanana. Kikipoa, huvutika. Kupanda na kushuka huko kwa joto, katika maelfu ya safari, huzaa ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Siku maji yakipungua ghafla, kazi ya miaka hukamilika kwa dakika chache. Na wapo wanaoikamilisha kwa mikono yao wenyewe, kwa kumimina maji baridi ya mtoni ndani ya injini iliyochemka.

Mwinuko nao una sehemu yake. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo, na shinikizo hutunzwa na kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo chenye springi na mpira. Kifuniko kizima huyafanya maji yavumilie mpaka karibu na nyuzi 120. Mpira ukichakaa, akiba hiyo yote inapotea, na gari linaloukwea mlima na mzigo wake linabakiwa na nyuzi chache tu kabla ya kuchemka.

Halafu kuna thamostati. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati hutolewa na kutupwa, kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Lakini katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kina kazi ya pili: kinapofunguka kwa joto, huziba njia ya mkato ambayo maji huweza kupita bila kufika kwenye rejeta. Kikitolewa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kupoozwa. Aliyekitoa alidhani anaisaidia injini ipoe. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na hilo litakumbukwa baadaye, kwa sababu watu wanaomtafuta adui huwa hawajui wafanye nini na mtu wa nia njema aliyesababisha hasara.

Hayo ndiyo majibu ya swali la nini. Sasa lile la nani.

Kaskazini-mashariki mwa Kongo, na ng'ambo ya mpaka katika Sudani Kusini ya leo, wanaishi Wazande. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliishi nao kwa vipindi mwishoni mwa miaka ya 1920, na kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu uchawi na ramli zao bado kinasomwa katika vyuo vikuu duniani kote. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa ghala la nafaka. Watu wamekaa chini yake kukwepa jua, ghala linaanguka, wanaumia. Wazande wanajua fika kwamba mchwa wamezila nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile waliyokaa watu walewale. Mchwa wanaeleza kuanguka kwa ghala; hawaelezi kwa nini kuanguka kukutane na watu hao. Pengo hilo ndilo linalojazwa na uchawi.

Mfano mwingine wa kitabu hicho hutajwa mara chache, ingawa uko karibu zaidi na gereji. Ni wa mfinyanzi. Amechagua udongo mzuri, ameukanda, ametoa changarawe moja moja, usiku wa kuamkia kazi amejitenga na mkewe kama desturi inavyotaka, na bado chungu kinapasuka motoni. Anasema amelogwa. Majirani hawamkubalii kila mara, maana mfinyanzi mbovu akivunja vyungu husemwa kuwa hajui kazi. Kwa hiyo hata kwa Wazande uchawi haukuwa kisingizio cha kila kosa. Ulianzia pale ujuzi ulipoishia. Mtu aliyefanya kila lililo sawa na bado akashindwa ana haki ya kushangaa. Dereva aliyepima maji na oili alfajiri, akaendesha taratibu, akapumzisha injini kila baada ya mlima, na bado akakwama na mgonjwa, yuko katika hali hiyohiyo. Kumcheka akiuliza "kwa nini leo?" ni ukosefu wa adabu, tena ni ukosefu wa fikra.

Ila Evans-Pritchard aliandika jambo jingine lenye uzito. Watu wa kawaida hawakuwatuhumu watawala wao, ukoo wa Avongara, kwa uchawi. Walituhumiana wao kwa wao, jirani na jirani. Maelezo yaliyodai kufikia kila msiba hayakupanda hadi kwenye boma la mtawala. Hilo si jambo dogo. Maelezo yanayojua mapema nani asiguswe yana kasoro hata kabla ya kuulizwa kama ni ya kweli.

Katanga ina nafasi yake katika mjadala huu. Mwaka 1945 shirika la uchapishaji la Lovania mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, lilitoa kwa Kifaransa kitabu cha Placide Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu. Tempels alikuwa Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi miongoni mwa Waluba. Alidai kwamba kwao kuwapo ni kuwa na nguvu. Kwamba kila kiumbe ni nguvu, nguvu hizo hugusana, na moja huweza kuikuza nyingine au kuipunguza. Ugonjwa, ugumba na ajali vyote vingekuwa dalili ya nguvu iliyopunguzwa, na anayeteseka hutaka kujua imepunguzwa na nani. Askofu wa Katanga wakati huo, Jean-Félix de Hemptinne, hakukipenda kitabu. Baadaye Waafrika wenyewe walikikosoa kwa sababu tofauti kabisa. Hoja ya Paulin Hountondji wa Benin, kwa ufupi, ni kwamba huwezi kuwapa mamilioni ya watu falsafa moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiandika wala kuitetea kwa jina lake. Naye V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi maarifa ya wamisionari na wataalamu wa kikoloni yalivyojiundia Afrika yao ya kuizungumzia.

Ukosoaji huo ni wa haki. Katika gereji moja ya Lubumbashi wanaweza kukutana Mluba anayeamini ulozi, Mluba anayeukana, na Mluba wa tatu anayesema hajui. Kabila halifikirii kwa kichwa kimoja. Hata hivyo ndani ya kitabu cha Tempels kuna wazo ambalo fundi yeyote angelikubali: hakuna kitu kinachoharibika peke yake. Kosa ni kudhani kwamba uhusiano huo wa vitu na watu lazima uishie kwa adui aliyejificha. Tempels mwenyewe, katika miaka ya 1950, akiwa na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière huko Kolwezi, alisaidia kuanzisha vuguvugu la kidini lililoitwa Jamaa, lililofundishwa kwa Kiswahili na kusimama juu ya uzima, uzazi na mapendo. Kama nguvu za watu hugusana, basi zinaweza pia kutunzana, na kama zinaweza kutunzana, asiyetunza anawajibika. Mawazo yaleyale, lakini mlango wa kutokea ni mwingine.

Mitwaba yenyewe inajua gharama ya maelezo yasiyokubali kushindwa. Katika miaka ya vita, eneo lililo kati ya Mitwaba, Pweto na Manono liliitwa pembetatu ya kifo. Wapiganaji wa Mai-Mai walienda vitani wakiamini dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na mwezi wa Mei 2006 mkuu wao mmoja aliyeogopwa sana, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha hapohapo Mitwaba kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Imani ya dawa hiyo ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905 kwa ajili yake, na vita vya Maji Maji vikaendelea mpaka 1907. Muundo wake ni uleule kila mahali. Mpiganaji akipigwa risasi na kufa, jibu liko tayari: alivunja mwiko, aligusa alichokatazwa. Dawa haina kosa. Mwenye kosa ni aliyekufa.

Hapo fundi anatofautiana na mganga, na tofauti si kwamba mmoja ana shahada na mwingine hana. Fundi akisema tatizo ni kifuniko cha rejeta, na kifuniko kikabadilishwa, na injini ikachemka tena, amekosea, na kila aliyesimama pale ameona. Maelezo yake yanaweza kushindwa mchana kweupe. Anayekubali kushindwa hivyo ndiye anayestahili kuulizwa tena kesho.

Kuna tofauti nyingine, na kwa mwandishi wa makala haya ndiyo kubwa kuliko zote: upande ambao jibu huelekea. Tuhuma hushuka. Gari likiharibika, wa kwanza kukatwa mshahara ni dereva, na akiweza naye humgeukia kijana wa gereji aliyeshika spana mara ya mwisho. Msiba ukiingia nyumbani, macho hugeukia bibi kizee, mke mgeni, au mtoto anayeishi kwa shangazi baada ya kufiwa na wazazi. Hayo si maneno ya kubuni. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inakataza katika ibara yake ya 41 kumtuhumu mtoto uchawi, na imeliweka katazo hilo pamoja na lile la kuwatelekeza na kuwatesa watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaongeza adhabu ya kifungo. Nchi haiandiki jambo kama hilo katika sheria yake mama bila sababu. Limeandikwa kwa kuwa watoto walifukuzwa, wakapigwa, wakalazwa njaa katika vyumba vya maombi, kwa ajili ya magonjwa, talaka na biashara zilizoanguka.

Sababu, kinyume chake, hupanda. Mtu akiifuata hatua kwa hatua kutoka kwenye ufa, anaanzia kwa dereva lakini haishii hapo. Kwa nini dereva hakuona joto likipanda? Kwa sababu mshale umekufa tangu mwaka jana, naye alitoa taarifa. Kwa nini haukutengenezwa? Kwa nini katika rejeta mlikuwa na maji matupu ya kisima badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu? Nani aliamua kwamba dawa hiyo ni anasa? Nani alipakia magunia kumi zaidi? Aliyeuza kifuniko bandia katika boksi lenye nembo ya kweli alikipata kwa nani, na mpakani kilipitaje? Na barabara, inayolazimisha gari litambae kwa gia ya kwanza saa nzima bila upepo wa kupooza rejeta, ni kazi ya nani? Katika kila hatua anayeulizwa ana mamlaka zaidi ya yule wa kabla yake. Ndiyo maana uchunguzi wa kweli haupendwi maofisini.

Chukua mfano wa uchunguzi uliopanda hivyo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa kuziba maungio ya roketi, ndugu wa gasketi ya kulasi, uliokuwa umekakamaa kwa baridi ya asubuhi hiyo. Mwanafizikia Richard Feynman aliuonyesha umma hivyo kwa kipande cha mpira na glasi ya maji ya barafu. Lakini tume ya uchunguzi haikuishia kwenye mpira. Ilikuta kwamba usiku wa kuamkia safari wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walishauri isiruke katika baridi ile, na wakubwa wao wakawashinda kwa kauli. Mpira ulieleza mlipuko. Kikao cha usiku kilieleza kwa nini mpira ule uliachwa ukakutane na asubuhi ile, na hapo swali la Wazande kuhusu ghala lilipata jibu lenye majina na saini, bila ramli yoyote.

Je, dini zinasema nini? Wanaoshinda makanisani na misikitini wanastahili jibu lililo makini kuliko lile la kwamba imani na gereji havikutani. Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 na kuwaua. Ni ghala la Wazande kabisa, miaka 1,900 kabla ya Evans-Pritchard. Yesu anawauliza wasikilizaji kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Katika Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamkuta kipofu wa kuzaliwa na kutaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Anakataa yote mawili, halafu anafanya kazi ya kumponya. Inashangaza jinsi mahubiri mengi ya miji ya Kongo, yanayomtaja Yesu kila dakika, yanavyolirudia swali la wanafunzi na kuliacha jibu la mwalimu wao.

Waislamu nao wana hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache bila kufungwa na kumtegemea. Akaambiwa afunge, kisha ategemee. Kadari katika mafundisho hayo haimwondolei mtu wajibu wa kamba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700, na ilikuwa imebeba zaidi ya maradufu. Mamia walikufa. Wapo waliokataa kupanda bandarini walipoona ilivyojaa. Katika siku za maombolezo lilisikika sana neno la mapenzi ya Mungu, na kwa aliyefiwa hilo ni neno la kumshikilia asianguke. Hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Likitoka kinywani mwa aliyeuza tiketi ni neno jingine kabisa, hata kama herufi ni zilezile. Anayemwachia Mungu hesabu ya abiria anamtwika Mungu kosa lake.

Turudi gerejini, kwa sababu huko kuna nidhamu ambayo wanafalsafa wangeweza kuihusudu. Fundi anayeheshimu kazi yake hafungi kulasi mpya mpaka ajue ile ya zamani ilipasuliwa na nini. Kulasi mpya chini ya rejeta iliyoziba itapasuka vilevile, na fedha ya mwenye gari itakuwa imepotea mara mbili. Kwa hiyo kabla ya yote hukagua rejeta, pampu ya maji, feni, kifuniko, mipira ya kupitisha maji na nozeli, maana nozeli inayomwaga dizeli kupita kiasi huongeza joto mahali pamoja. Kulasi ya mtumba, kama nyingi zinazoingia Lubumbashi, haiaminiwi kwa kutazamwa. Huzibwa matundu, hutiwa hewa ya shinikizo na kutumbukizwa katika maji ya moto, na mapovu yakionekana hurudishwa kwa muuzaji. Uso wa bloku hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka. Gasketi huchaguliwa unene wake kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa kuwa kiwanda hutoa zaidi ya unene mmoja.

Bolti za kulasi ya zamani hulegezwa injini ikiwa baridi, kuanzia ncha kuelekea katikati, kidogo kidogo. Za kulasi mpya hukazwa kwa mpangilio wa kinyume, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu na kwa spana ya kupima nguvu. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa mwingine ameshaipinda kazi yake. Alama za mkanda wa kuendesha vali hulinganishwa, na hukaguliwa tena baada ya kuzungusha injini kwa mkono, kwani jino moja likikosewa pistoni zinaweza kugonga vali. Wasalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911, na vizazi vya vijana vimejifunza ufundi katika shule zao, ikiwemo ile ya ufundi inayoitwa Salama. Kinachofundishwa katika kazi kama hii si mikono peke yake. Kijana anafundishwa kwamba ulimwengu humjibu anayeuliza kwa subira, na kwamba kuruka hatua ni namna ya kusema uongo.

Hata hivyo nidhamu hiyo ina mpaka, na itakuwa si haki kuuficha. Kuna kulasi hupasuka kwa kuchoka tu, baada ya miaka 30 ya kazi, bila mtu yeyote kuzembea. Kuna chuma kilichotoka kiwandani na dosari ndani yake. Na hata pale ambapo kila sababu imepatikana, kukutana kwake na mgonjwa yule, asubuhi ile, kwenye mlima ule, kunabaki bila mwenyewe. Ayubu katika Biblia aliuliza jambo hilo kwa sura nyingi, marafiki zake wakamjibu kwamba bila shaka alitenda kosa fulani, na kitabu chenyewe kinamalizia kwa kuwakemea marafiki, wala si Ayubu. Mtu anaweza kuishi na swali lisilo na jibu. Ni vigumu, lakini mamilioni wameweza. Kinachoharibu jamii ni kutovumilia swali likae wazi, mpaka mtu fulani akamatwe ili lifungwe.

Ndiyo maana baada ya ajali ya namna hii kazi iliyo ngumu kuliko ya kuinua kulasi ni ya mwenye gari. Tuseme mgonjwa hakufika. Ndugu zake wamekaa kwenye kilio, usiku wa pili, na wazee wanaanza kuulizana yule mtu alikuwa na ugomvi na nani. Mwenye gari, awe ni parokia, shirika au tajiri wa mjini, anajua tayari kwa fundi kwamba mshale ulikuwa umekufa, kwamba dereva aliomba kifuniko kipya, na kwamba ombi liliahirishwa. Anaweza kutuma sanduku na bahasha ya rambirambi na kubaki Lubumbashi. Au anaweza kwenda, akaketi chini pamoja na wengine, akaomba ruhusa ya kusema, na kueleza mbele ya wote: kifuniko hiki hapa, tuliambiwa, hatukununua, dereva hana kosa. Huko kusema kunamgharimu heshima na huenda fedha nyingi za fidia. Asipokwenda, wazee wataendelea kuulizana, na kabla ya matanga kwisha watakuwa wamempata mtu, na mara nyingi huwa ni mjane au mtoto wa kufikia aliyekuwa amelala kwenye nyumba hiyohiyo.